Vitabu vya Picha vya Kuwafunza Watoto Adabu: Je, Vinafaa Madrasa?

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh. Nasomesha wadogo madrasa. Mzazi mmoja ametuletea vitabu vyenye picha za watoto na wanyama, vinavyofunza kusema kweli, kuamkia wakubwa na adabu za kula. Mwalimu mwenzangu amevikataa, anasema picha ya chochote chenye roho ni haramu. Nishike lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwenzako hakusema ovyo. Hadithi za kuwakemea wachoraji zimo katika Bukhari na Muslim, na Imam Nawawi amezishikilia kwa nguvu. Lakini watoto wana mlango wao. Bibi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere nyumbani kwa Mtume (s.a.w.), na katika riwaya ya Abu Daud miongoni mwao alikuwemo farasi mwenye mbawa za vitambaa. Mtume alipomuuliza, akajibu: hukusikia kwamba Suleiman alikuwa na farasi wenye mbawa? Mtume akacheka hadi magego yakaonekana. Kwa ajili hiyo wanachuoni wengi, kama alivyonukuu Ibn Hajar kutoka kwa Qadhi Iyadh, wamewatoa wanasesere wa watoto katika katazo. Naona kitabu cha malezi kinastahiki ruhusa hiyo. Vitumie.

Ila nakusihi, usiwagawie vitabu ukaenda zako. Fungua ukurasa wa mtoto anayevuka sinia nzima kuifuata nyama iliyo mbele ya mdogo wake. Usikimbilie kumlaumu. Waulize: huyu anafanya nini? Mdogo wake anajisikiaje? Waache waseme wenyewe, hata wakibishana. Kisha wape maneno ya Mtume kwa Umar bin Abi Salama, aliyekuwa mtoto, mkono wake ukizunguka sahani: "Ewe kijana, mtaje Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wako wa kulia, na kula kilicho karibu yako." Siku mkila pamoja, wakuone wewe ukifanya hivyo.

Vipitie kwanza. Chenye picha ya Mtume yeyote kiondoe kabisa. Na kama mwizi kila mara ni mtoto mwenye nguo zilizochanika, hicho nacho kiache, kinafunza kudharau maskini. Picha usizibandike mnaposwalia. Mtume alimwambia Bibi Aisha aliondoe pazia lake kwa kuwa picha zake zilikuwa zikimjia ndani ya Swala.

Mwenzako akibaki na msimamo wake, msivutane mbele ya watoto. Ibn Abbas (r.a.) alimruhusu mchoraji kuchora miti na visivyo na roho, basi naye achague vitabu vya namna hiyo kwa darasa lake. Wallahu aalam.