Anza na Weusi Wake

Kwa miaka mingi nilikuwa nazipita picha nyeusi na nyeupe bila kusimama. Kwangu zilikuwa mambo ya kale tu, kama Boma la Wajerumani na misafara ya pembe.

Iliyonigeuza ni picha moja: fundi wa jahazi pwani ya Bagamoyo, karibu na soko la samaki, anatia kalafati, yaani anaziba nafasi kati ya mbao. Mpigapicha aliisogeza dirishani, akaniambia niache uso wa fundi kwanza, nitazame ubavu wa chombo. Mwanzo niliona giza tupu. Nikakaza macho. Mbao zikaanza kuachana, moja moja. Ukatokea uzi wa pamba iliyopigiliwa katikati ya mbao mbili, halafu vichwa vya misumari, vyeusi kuliko mbao zenyewe. Nilikaa pale muda mrefu, na mkono wa fundi sikuwa nimeufikia.

Kwa hiyo nawe anza na weusi. Mpigapicha Mmarekani Ansel Adams alizigawa toni za picha mafungu 11, kuanzia 0, giza lisilo na kitu, mpaka 10, weupe wa karatasi tupu. Huna haja ya kuyakariri. Tafuta penye giza zaidi ujiulize kama kuna kitu humo. Kisha nenda penye mwanga, tuseme kwenye kanzu: mikunjo ipo, au imefutika? Wapo wanaoacha giza tupu kwa makusudi, na linapendeza, lakini utaona kwamba wamelipangia nafasi.

Kabla ya kutoa hela, itoe picha kwenye taa za duka, uitazame kwa mwanga wa mchana. Kijivu kikivuta kwenye ukijani au uzambarau, huenda imechapwa kwa kuchanganya wino za rangi. Mashine nzuri zina wino mweusi na wa kijivu wa viwango kadhaa. Picha zinazosafishwa kwenye chumba cha giza ni chembe za madini ya fedha ndani ya gelatini, utando kama jeli, na gelatini haipatani na unyevu wetu.

Hilo nililijua kwa machungu. Picha ile ya jahazi niliinunua, fundi wa fremu akaibana moja kwa moja kwenye kioo, nami nikaitundika kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaoelekea baharini. Masika ilipoingia, picha ikashika kioo. Nilipoibandua, ubavu wa chombo ulibaki kwenye kioo.

Mwambie fundi wako aweke fremu ya kadibodi isiyo na asidi kati ya picha na kioo. Bandika vipande vya koki, ile ya vizibo vya chupa, kwenye pembe za nyuma za fremu, upepo upite. Chagua ukuta wa ndani, usiopigwa jua.

Mpigapicha alinisafishia nyingine kutoka negativu ileile. Iko ukutani sebuleni, na asubuhi, kabla watoto hawajaamka, bado naihesabu misumari.