Karatasi za uzito za Cessna ya 1974: kukokotoa au kupima upya?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Ninaitunza Cessna 172 ya mwaka 1974 hapa Moshi. Tunataka kuondoa kipokezi cha zamani cha ADF, yaani redio inayoonyesha uelekeo wa kituo cha ardhini, na kufunga mkiani kifaa kipya cha mawimbi ya dharura. Karatasi ya uzito iliyomo kwenye faili imerekebishwa kwa kalamu mara nyingi, na sioni kumbukumbu ya ndege kuwekwa kwenye mizani. Je, inatosha kutoa na kujumlisha?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Kukokotoa kunakubalika pale ambapo tarakimu ya kuanzia inaaminika. Kwa maelezo yako, haiaminiki, kwa hiyo nakushauri uipime ndege upya baada ya kazi hiyo kukamilika.

Hata hivyo hesabu yenyewe uielewe, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Tuseme karatasi inaonyesha uzito mtupu wa paundi 1,420 na momenti ya 55,380 (momenti ni uzito ukizidishwa kwa mkono, yaani umbali kutoka mstari wa rejea), maana yake kitovu cha uzito kiko inchi 39.0 nyuma ya bamba la kuzuia moto lililo kati ya injini na chumba cha rubani, ambalo ndilo mstari wa rejea wa ndege hii. Unaondoa kipokezi cha paundi 8 kilichoko inchi 13, unapunguza momenti 104. Unafunga kifaa cha paundi 3 kwenye inchi 110, unaongeza 330. Unabaki na paundi 1,415 na momenti 55,606, na ukigawanya unapata inchi 39.3. Ndege imepungua paundi 5, lakini kitovu kimerudi nyuma. Ndiyo maana siafiki kabisa desturi ya kuandika kwamba badiliko ni dogo kisha kufunga daftari.

Jambo jingine ni mafuta ya injini. Karatasi nyingi za Cessna za kabla ya 1976 zilitaja uzito mtupu usiohesabu mafuta ya injini yanayoweza kumwagwa, ilhali utaratibu uliofuata unayahesabu yakiwa kamili. Ni paundi 15 hivi, tena mbele ya bamba, kwa hiyo momenti yake ni hasi. Rubani akiyajumlisha mara mbili, karatasi itaonyesha pua nzito kuliko ilivyo, na kitovu halisi kitakuwa nyuma ya kile anachokiamini. Karatasi mpya itamke waziwazi kama mafuta hayo yamo.

Kabla ya kupima, ioshe ndege na kuiacha ikauke, kwani vumbi la viwanja vyetu hujikusanya ndani ya mkia, mahali ambapo mkono ni mrefu. Toa zana, matambara na kila kitu kisichomo katika orodha ya vifaa, kisha mwaga petroli kwa utaratibu wa mtengenezaji, ukiacha ile isiyotumika. Ifanye asubuhi, ndani ya hanga lililofungwa milango, maana upepo ukipita juu ya bawa mizani hudanganya. Mizani iwe na cheti hai cha urekebishaji. Isawazishe ndege kwa pimamaji kwenye sehemu zilizotajwa katika kitabu chake, kisha teremsha timazi na upime mwenyewe umbali wa kila gurudumu kutoka mstari wa rejea. Usinakili vipimo vya kitabuni, kwani mguu wa pua hupanda na kushuka kwa kadiri ya shinikizo lake. Uzito wa vizuizi vya magurudumu vilivyo juu ya mizani utolewe.

Usishangae ndege ikitokea kuwa nzito kuliko karatasi: rangi mpya juu ya ya zamani, viti vilivyoshonwa upya na nyaya zilizoachwa nyuma ya dashibodi vyote vina uzito. Kiwanja cha Arusha kiko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na jua la mchana linapozidi kuipunguza hewa nguvu, kilo ambazo hazikuandikwa rubani huzilipia kwenye njia ya kurukia.

Matokeo yatiwe sahihi na mhandisi mwenye leseni inayomruhusu, yakiambatana na orodha mpya ya vifaa. Karatasi ya zamani usiitupe. Ipige mstari, iandike kuwa imebatilishwa, pamoja na tarehe na rejea ya karatasi mpya. Ikiwa marubani wako hutumia programu ya simu kupanga mizigo, tarakimu za humo nazo zibadilishwe siku hiyohiyo.