Laki sita na kompyuta ya mezani ya nyumbani: pesa iende wapi

Mkuu, nimesoma swali lako na majibu yote uliyopewa. Upo Morogoro, una laki sita, unataka kompyuta ya mezani ya kukaa sebuleni: binti wa kidato cha pili ajisomee, mama watoto aweke hesabu za duka kwenye Excel, jioni muangalie YouTube. Mchangiaji mmoja kakushauri ununue vifaa vipya kimoja kimoja uunganishe mwenyewe, uanze na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Core i3-12100F. Mwingine kakuambia tafuta mashine yoyote ya mtumba yenye prosesa ya i7 kwa kuwa "i7 ni i7". Sikubaliani na wote wawili, na ngoja nieleze kwa nini, maana kazi ya kuwatafutia ndugu na majirani mashine hapa Dar, na kuzifungua zikileta shida, nimeifanya miaka mingi na naipenda.

Kwa laki sita nunua mashine ya mtumba iliyotoka ofisini: Dell OptiPlex, HP ProDesk au EliteDesk, Lenovo ThinkCentre. Hakikisha ina SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya kutosha, na ununue UPS, lile boksi la betri linaloshikilia umeme ukikatika. Prosesa iwe jambo la mwisho kukuumiza kichwa.

Kuunganisha kwa vifaa vipya ni raha, sikatai, lakini hesabu yake haikubali. Kasha, mazabodi (bodi kuu ambayo vifaa vyote vinachomekwa), prosesa, RAM, SSD na pawa saplai ya maana vitamaliza hiyo pesa kabla hujagusa monita wala kibodi. Isitoshe, tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM na SSD mpya imepanda dunia nzima, kwa sababu viwanda vya chip vinaelekeza uzalishaji kwenye seva za akili bandia. Mashine ya ofisi inakuja na RAM yake tayari ndani, na kwa sasa hilo peke yake ni nafuu kubwa. Halafu ile i3-12100F aliyokutajia: herufi F mwishoni mwa jina la prosesa ya Intel ina maana haina sehemu ya picha ndani yake. Ungeunganisha kila kitu, ungebonyeza kitufe, feni zingezunguka na monita ingebaki nyeusi mpaka ununue kadi ya picha. Ukiwahi kuunganisha baadaye, chukua i3-12100 isiyo na F, au kwa upande wa AMD zile zenye G mwishoni kama Ryzen 5 5600G.

Sasa "i7 ni i7". Huu usemi umewapotezea watu pesa nyingi sana Kariakoo. Kinachoonyesha umri wa prosesa ni namba inayofuata baada ya i3, i5 au i7: ikiwa ya tarakimu nne, ile ya kwanza ndiyo kizazi chake. Core i7-2600 ni kizazi cha 2, ya mwaka 2011. Core i3-8100 ni kizazi cha 8, ya 2017. Hiyo i3 inaipita hiyo i7 kwenye kazi zako zote ulizotaja, tena kwa umeme mdogo zaidi. Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi: video nyingi za YouTube siku hizi zimefungwa kwa mtindo wa VP9 au AV1. Prosesa za kizazi cha 2 na cha 3 hazina sehemu maalumu ya kufungua VP9, kwa hiyo kazi yote inabebwa na prosesa yenyewe, feni inapiga kelele na picha inakatakata. Kuanzia kizazi cha 7, VP9 inafunguliwa na sehemu yake maalumu na mashine haihangaiki. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "ni i7 hii bosi", muulize namba kamili. Asipoijua, washa mashine uisome mwenyewe.

Kizazi nikupendekezee kipi? Cha 8, kama pesa inafika. Sababu ni Windows. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka rasmi prosesa ya Intel ya kizazi cha 8 kwenda mbele, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwenye maduka tafuta OptiPlex 3060, 5060 au 7060, ProDesk 600 G4, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M720. Ukikosa, shuka kizazi cha 6 au cha 7 na uweke Linux Mint, mfumo wa bure badala ya Windows, pamoja na LibreOffice, programu za bure badala ya Excel na wenzake. Mitihani ya NECTA ya miaka iliyopita ni PDF tu, vitabu vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka kwenye kivinjari, na hesabu za duka zitakaa vizuri kabisa kwenye LibreOffice Calc. Fundi anaweza kukuambia ataiweka Windows 11 kwenye kizazi cha 4 kwa njia ya mkato. Inawezekana, lakini Microsoft hawajiwajibishi kuipatia masasisho mashine ya namna hiyo, na mimi singeiweka kwenye kompyuta ambayo mtu anaingilia akaunti zake za pesa. Tena usilipe pesa ya "kuweka Windows" ya wizi: mashine nyingi za ofisi zina leseni ya Windows Pro ndani ya mazabodi, ukiweka Windows safi na kuiunganisha intaneti inajithibitisha yenyewe.

Nije kwenye SSD, hapa ndipo nataka unisikilize zaidi. Dada yangu wa Mbagala alikuwa na OptiPlex ya i5 ya kizazi cha 4, RAM 8GB, na diski ya kawaida ya kuzunguka. Aliiwasha akaenda kuinjika chai. Kila mtu alimwambia prosesa imezeeka, auze anunue nyingine. Nilifungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kila kifaa kinavyofanya kazi, mara tu mashine ilipowaka: prosesa ilikuwa inacheza kwenye asilimia kumi na kitu, RAM zaidi ya nusu ipo wazi, na diski imekaa kwenye asilimia 100 haishuki. Prosesa ilikuwa imekaa tu inasubiri. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama huku na huku kutafuta data. Ukinakili faili moja kubwa inaweza kutoa MB 100 hadi 150 kwa sekunde, lakini Windows ikiwa inawaka inasoma maelfu ya faili ndogondogo, na hapo kasi inashuka hadi MB moja au mbili. SSD haina kinachohama ndani. Nilimfungia SSD ya 240GB ya SATA, ile ya inchi 2.5, kwenye waya zilezile za diski ya zamani, nikaweka Windows upya. Sasa hivi inawaka kabla hajakaa vizuri kwenye kiti. Diski ya zamani nimeiacha humohumo ndani, anahifadhia picha na video za sherehe.

256GB inakutosha. Kama mashine utakayopata ina tundu la M.2, la SSD ndogo za umbo la kipande chembamba, muulize muuzaji linapokea aina ya NVMe au SATA, kwa sababu vipande hivyo vinafanana kwa umbo na havibadilishani. Ukiona huelewi, chukua ya inchi 2.5, inaingia popote. Na SSD iliyotumika usinunue bila kuisoma kwa programu ya CrystalDiskInfo: inakuonyesha asilimia ya afya na saa ilizofanya kazi. Ikisoma chini ya asilimia 80, waambie wakupe nyingine.

RAM: 8GB ndiyo kiwango changu cha chini, 16GB ukipata bahati. Kivinjari chenye kurasa kumi pamoja na Excel kwenye 4GB ni mateso. Vipande viwili vya 4GB ni bora kuliko kimoja cha 8GB kwa mashine isiyo na kadi ya picha, kwa kuwa sehemu ya picha inaazima RAM hiyohiyo na ikipewa njia mbili inapumua. Angalia pia aina. Kizazi cha 4 ni DDR3, cha 8 ni DDR4, lakini hapo katikati kuna mitego: OptiPlex 3040 ni kizazi cha 6 na inatumia DDR3L. Zile mashine ndogo za mraba zinazofungwa nyuma ya monita zinatumia RAM ya laptopu.

Kuhusu ukubwa wa kasha, wengi wanapenda yale membamba kwa kuwa yanapendeza mezani. Mimi kwa nyumbani napendelea la kusimama, na sababu ni pawa saplai. Kwenye hizi mashine za ofisi plagi ya umeme ya mazabodi mara nyingi siyo ile ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 9020, kwa mfano, ina pini 8. Pawa saplai ikifa kwenye kasha jembamba, utatafuta ileile ya kampuni ileile yenye umbo lilelile. Kwenye lile la kusimama mara nyingi fundi anaweza kufunga ya kawaida kwa kutumia adapta.

Na zitakufa kama hutazilinda. Umeme wetu unajulikana: unapungua, unakatika, unarudi kwa kishindo. UPS ya VA 650 yenye AVR, yaani inayosawazisha umeme, inaitosha mashine hii kabisa, kwa sababu yenyewe na monita vinakula kama wati 60 ukiwa unaandika au unasoma. Utapata muda wa kuhifadhi kazi na kuzima vizuri, na hesabu za duka hazitapotea katikati ya kuandikwa. Hizo wati 60 kwa saa 5 kila siku ni uniti 9 za LUKU kwa mwezi, kwa hiyo asikutishe mtu kwamba kompyuta ya mezani inamaliza umeme. Ukikutana na mashine ya zamani iliyotoka Marekani, chungulia nyuma karibu na tundu la waya wa umeme: zipo zenye swichi nyekundu ya 115 na 230. Isome kabla ya kuchomeka. Ikiwa kwenye 115 ukaiwasha hapa kwetu, umeiunguza.

Monita ya mtumba ya inchi 19 hadi 22 inatosha. Jihadhari na matundu ya waya wa picha: mashine hizi nyingi zina DisplayPort, na monita za bei chee nyingi zina VGA. Waambie wakupe waya wa kuziunganisha hizo mbili ndani ya bei hiyohiyo. Kama una TV yenye HDMI unaweza kuanza nayo, waya wa kutoka DisplayPort kwenda HDMI upo. Hakikisha tu ni wa uelekeo huo, haufanyi kazi kinyume.

Wi-Fi mara nyingi hazina. Kabla ya kununua kifaa chake, jaribu kuchomeka simu kwa waya wa USB na kushea bando, Windows inaitambua yenyewe. Halafu nenda kwenye mipangilio ya mtandao uuweke kuwa wa kulipia kwa kipimo (metered), la sivyo masasisho yatalamba bando lote usiku mmoja.

Ukifika dukani usikubali mashine iliyozimwa. Iwashe, acha YouTube icheze wakati unakagua vingine. Ingia kwenye BIOS, mipangilio ya msingi inayofunguliwa kwa kubonyeza kitufe mashine inapoanza kuwaka, kwa Dell ni F2, kwa HP ni F10, uone kama haidai nywila ya ofisi ilikotoka. Fungua ubavu utazame kapasita (vile vikopo vidogo vya duara) za mazabodi kama hazijavimba juu, na vumbi lilivyo kwenye feni. Chomoa waya wa umeme dakika chache, rudisha, uangalie saa. Ikirudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya mazabodi imekwisha, CR2032, inauzwa hadi kwa mafundi saa. Nimeona watu wanarudisha mashine nzima dukani wakidhani intaneti ni mbovu kwa kuwa kila tovuti inasema muunganisho si salama, kumbe tarehe ya kompyuta ni ya 2015.

Mgawanyo ningeufanya hivi: laki nne hadi nne na nusu kwa mashine na monita, inayobaki UPS, na SSD kama haimo ndani. Ukikuta kizazi cha 8 kinakuzidi kidogo, usikate UPS ili uifikie. Shuka kizazi cha 6 na Linux.

Printa uliyoiulizia mwishoni, kwa sasa iache. Zile ndogo za wino zikikaa wiki kadhaa bila kutumika wino unakauka kwenye kichwa, na katriji yake inakaribia bei ya printa. Weka kazi kwenye flashi uchapishe stesheneri mpaka mtakapoona mnachapa karibu kila siku. Siku hiyo tafuta ya leza nyeusi ya mtumba.

Ukiwa dukani piga picha ya kibandiko cha modeli na ukurasa wa Task Manager unaoonyesha prosesa, ziweke hapahapa kwenye uzi. Jioni huwa nipo, nitakuambia chukua au acha kabla hujatoa hela.