Re: Natubu, narudi palepale, je niache kufundisha vijana?

Bwana asifiwe kaka. Nimekuelewa, shida yako ni zile video chafu unazoangalia usiku, unatubu, wiki haijaisha umerudi, halafu Jumapili unasimama mbele ya wadogo zako unajiona mnafiki.

Kabla ya kufunga na kuomba angalia kwanza saa na mahali, maana mimi kwa vijana ninaokaa nao karibu wote ni ile ile, saa sita usiku, mlango umefungwa, simu iko chini ya shuka na umechoka. Hapo nguvu ya kubishana na tamaa huna, kwa hiyo usibishane. Yusufu kwenye Mwanzo 39, mke wa Potifa alipomshika vazi, hakukaa kumwelewesha tena, aliacha vazi akatoka mbio. Simu ilale sebuleni, nunua saa ya mezani ya kukuamsha, na zile akaunti unazozijua futa leo leo.

Pili, 2 Timotheo 2:22 inasema zikimbie tamaa za ujanani, lakini malizia mstari, ni "pamoja na wale" wamwitao Bwana. Tafuta mtu mzima mmoja mwenye kifua, umwambie dhambi yenyewe kwa jina lake, siyo "niombee nina changamoto".

Kuhusu kufundisha, usijiamulie peke yako, kaa na mchungaji wako umweleze ukweli wote, akikwambia pumzika kwa muda kubali. Wadogo wanakuangalia hata ukiwa hushiki maiki, unavyojibu ukitukanwa, unavyoongea na mabinti, Tito 2:7 inasema kielelezo katika mambo yote. Ukishaongea naye rudi utuambie.