Kura Tisa: Nilivyoanguka, Nilivyorudi, na Ninalomwambia Anayetaka Kugombea

Jumanne usiku navua viatu mlangoni, simu ikalia. Ujumbe wa msomaji, msichana aktuari, yaani mtu wa kukadiria kwa hesabu madai ya bima na pensheni ya baadaye, kwenye kampuni ya bima: “Shikamoo dada. Wenzangu wananisukuma nigombee ujumbe wa baraza la chama chetu cha maaktuari. Nimefuzu mwaka jana tu. Nijitose au ningoje nikomae kwanza?”

Nilikaa palepale kwenye ngazi nikausoma mara tatu. Miaka minne iliyopita niliuliza swali hilohilo, na jibu nililopewa lilikuwa fupi: “Si umefuzu? Jaza fomu.” Nikaijaza, nikaangushwa kwa kura tisa. Mwezi uliopita niligombea tena na nimeshinda, nami sitaki kuficha, nimefurahi mno. Kwa hiyo mdogo wangu, na nyinyi wengine mnaoitamani kazi hii, nisikilizeni.

Mnajua mnachokipitia. Njia niliyopita mimi, ile ya mitihani ya chama cha London, ilikuwa na karatasi 13 tangu CM1 ya hesabu mpaka ya mwisho ya ubingwa, SA, na nafasi zilikuwa mbili tu kwa mwaka, Aprili na Septemba. Ukianguka Aprili unarudi vitabuni mwenzako akienda harusini. Hiyo ya SA ilinirudisha mara tatu. Barua ya kufuzu ilipofika nilimpigia mama Kisauni, Mombasa, akalia kwenye simu, na jirani zake walikunywa kahawa na halua siku mbili. Kwa hiyo nilipoamua kugombea nilijiona nimeshamaliza kazi. Niliamini mtu aliyefuzu ana haki ya kusikilizwa.

Taarifa yangu ya mgombea ilikuwa ukurasa mmoja. Ninayo bado. Mistari kumi na miwili ya mwanzo ni vyeti vyangu, ofisi nilizofanyia kazi na miaka. Kisha sentensi kwamba nitaleta mabadiliko na kuinua taaluma. Hakuna hata mstari mmoja unaomtaja mtu ninayemwomba kura, au shida yake.

Mkutano mkuu ulikuwa Alhamisi jioni, Upper Hill, Nairobi. Nafasi mbili, wagombea wanne. Nilipata kura 17, aliyeshika nafasi ya pili akapata 26. Hesabu hiyo ningeimeza. Lililonichoma ni kwamba aliyesaini fomu yangu ya kuniunga mkono alifika, akaandika jina kwenye daftari la mahudhurio, akanywa chai, akaondoka kabla ya kupiga kura. Na wakati natoka, mkubwa mmoja wa taaluma akanishika bega: “Binti, ungengoja zamu yako.” Sikumjibu. Nilimwamkia nikashuka ngazi. Neno hilo limekaa nami miaka yote hii, na mpaka leo sioni kosa la kuomba kazi ambayo watu wengi wanaikimbia.

Baada ya hapo nilikata mguu. Miezi sita sikufungua barua pepe ya chama.

Kilichonirudisha ni barua moja ya katibu, mwisho wa 2022. Ilikuja rasimu ya mwongozo kutoka kwa mdhibiti wa serikali, chama kilitakiwa kutoa maoni ndani ya wiki tatu, na hakukuwa na mtu wa kuyakusanya. Mtakumbuka ulikuwa msimu gani: IFRS 17, kanuni mpya ya kimataifa ya uhasibu wa bima, inaanza Januari 1, 2023, kila mwenye hesabu za bima analala ofisini. Sijui nini kilinisukuma, nikaandika, “Mimi nitafanya.”

Nilichora jedwali la safu tatu: kifungu, tatizo, pendekezo. Nikalituma kwa watu kumi na mmoja. Wawili wakajibu. Ndipo nikaanza kupiga simu, na hapo ndipo nilipoanza kuwajua wapiga kura bila kukusudia. Mmoja yuko kwenye kampuni ndogo ya bima ya magari, tarehe za ajali na tarehe za kuripotiwa zimechanganywa kwenye kumbukumbu za miaka mitano, naye anatakiwa akadirie madai ambayo bado hayajafika mezani. Mwingine anafanya pensheni. Kila baada ya miaka mitatu anapeleka tathmini ya mfuko kwa wadhamini, na kila mara anaulizwa kwa nini nakisi, yaani pengo kati ya pesa za mfuko na ahadi zake, imeongezeka ilhali pesa ziko benki. Wa tatu ni aktuari peke yake ofisini kwao. Aliniambia, “Dada, nikikosea hesabu hapa hakuna wa kunishtua.” Nilikuwa na kalamu mkononi, nikaliandika lile neno lake kama lilivyo. Kwenye ule ukurasa wangu wa vyeti hakukuwa na chochote cha kumsaidia dada huyu.

Kazi ya pili ilikuwa darasa la Jumamosi kwa wanafunzi wa karatasi za CS2 na CM2. Kwetu wanafunzi hawana kura, na rafiki zangu hawakuchoka kunikumbusha hivyo. Nilikwenda kwa sababu nilikumbuka miaka niliyosoma peke yangu. Asubuhi moja umeme ulikatika, tukasogeza meza dirishani, nikachora kwa chaki jedwali la vifo: walio hai wakiwa na miaka 30, wangapi watafika 60. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, “Mwalimu, hawa wanaokufa humu ni kina nani?” Swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa. Kwa miaka mingi makampuni ya hapa yalikuwa yakitumia majedwali ya A1949-52, vifo vya Waingereza waliokuwa na bima mwanzoni mwa miaka ya 1950. Baadaye ndiyo tukapata ya kwetu, ya 2001-2003. Na jedwali la nchi haliandikwi na kampuni moja. Lazima makampuni yanayonyang'anyana wateja yakubali kuleta vifo vya wateja wao kwenye meza moja.

Meza hiyo ndiyo kazi ya uongozi wa kujitolea, jamani. Msiitafute kwa ajili ya mstari kwenye wasifu wenu. Wenzetu walianza Uingereza mwaka 1848, Waskoti wakaunda chama chao mwaka 1856, na vyama hivyo viwili vikaungana mwaka 2010; miaka yote hiyo kuna watu waliokaa vikaoni jioni bila mshahara wakibishana juu ya sentensi moja ya mwongozo. Chama kikitaka uanachama kamili kwenye shirikisho la kimataifa la maaktuari, kinatakiwa kiwe na kanuni za maadili na utaratibu wa nidhamu unaofanya kazi. Nani atakaa kwenye kamati ya nidhamu na kumsikiliza mwenzake akishtakiwa? Ni wewe unayejaza fomu. Kama hujajiandaa kwa hilo, usiijaze.

Mwaka huu taarifa yangu ilikuwa nusu ukurasa. Vyeti mstari mmoja. Kisha mambo matatu: kikao cha kila mwezi cha maaktuari walio peke yao ofisini, waangaliane kazi bila kutoa siri za waajiri wao; darasa la Jumamosi liwe la chama, lisiwe langu; na maoni ya rasimu yoyote yawe na mtu wa kuyashika ndani ya siku tatu tangu ifike. Kabla ya kuituma nilipiga simu. Kila mwanachama ambaye namba yake ninayo nilimpigia, na sikuanza na kura. Niliuliza, “Mwaka huu nini kimekusumbua?” Nikaandika kwenye daftari la shule la kurasa 96. Limejaa.

Nilipata kura 38. Wanne kati ya wale wa darasa la Jumamosi walikuwa wamefikia daraja la washiriki, hatua moja chini ya kufuzu kamili, na washiriki wanapiga kura. Walikaa mstari wa mbele wote wanne. Yule aliyeninywea chai sikumwona. Mkubwa aliyeniambia ningoje zamu alikuja kunipa mkono. Nilimwamkia shikamoo kama siku zote, akaniitikia, akasema, “Umefanya kazi.” Nilikwenda kulia chooni, na sioni aibu kulisema.

Sasa mdogo wangu, umeniuliza ujitose au ungoje. Ukomavu usikutishe. Nijibu hili: ukifungua simu yako sasa hivi, ni wanachama wangapi unajua shida zao? Kama ni wawili, piga simu. Kama ni kumi, piga simu zaidi. Mwone bosi wako kabla hujasaini, umweleze saa ngapi kwa wiki zitakwenda kwa chama, maana rasimu huja wakati wa kufunga hesabu, na mwajiri aliyeshtukizwa atakutoa barazani mapema. Mwambie pia kwamba siku jambo linaloigusa kampuni yenu likija mezani utatamka wazi una maslahi na utatoka chumbani. Akikasirika kwa hilo, umejua mapema. Aliyekubali kukuunga mkono mwulize usoni kama atabaki mpaka kura zihesabiwe. Chukua kazi moja ambayo hakuna anayeitaka, uifanye mpaka mwisho, hata kama uchaguzi ni mwakani. Na piga simu. Nimelisema mara ngapi? Nitalisema tena ukinipigia.

Umesema fomu zenu zinafungwa Ijumaa ya wiki ijayo. Andika aya moja, usitaje cheti chochote, nitumie Jumapili usiku. Nitaisoma nikishamaliza kusahihisha karatasi za darasa.