Dakika sita za kukinasa kituo cha anga

Mara ya kwanza nilipokipiga picha Kituo cha Anga cha Kimataifa, niliambulia vipande viwili vya mstari mweupe na pengo la giza katikati. Nilikuwa ufukweni Kigamboni, saa moja na ushei usiku, stendi imesimama vizuri, nimejiamini. Kumbe kamera ina mpangilio wa kusafisha chenga (zile nukta nukta za picha za gizani): ukipiga picha ya sekunde 20, inakaa sekunde 20 nyingine ikijisafisha. Mimi natazama kioo kinaniambia nisubiri, na kile kituo kinakimbia karibu kilomita 28,000 kwa saa. Nilipopata kamera yangu tena, kilishavuka nusu ya anga.

Zima mpangilio huo ukiwa bado nyumbani.

Saa ya kupita utaipata kwenye programu ya NASA iitwayo Spot the Station. Chagua siku kinapopanda juu kweli, kuanzia nyuzi 40 hivi kutoka upeo wa macho. Kikipita chini, ukungu wa bahari hukimeza. Nenda mapema, fokasi uifanye wewe mwenyewe. Mimi hulenga taa ya meli iliyotia nanga mbali ikisubiri zamu ya bandari, naikuza kwenye kioo mpaka iwe nukta, kisha nabandika utepe kwenye lenzi isisogee. Lenzi pana, tundu la lenzi f/4, wepesi wa kunasa mwanga ISO 400, sekunde 20, picha mfululizo bila kupumzika. Utaziunganisha baadaye kwenye kompyuta. Mwenye simu aiegemeze ukutani na kutumia hali ya usiku. Mstari utaupata, mfupi tu.

Ila usitegemee kuona mabawa ya sola. Kituo kina upana wa mita 109, kiko kilomita 400 juu yako, na kwa lenzi hiyo ni mwanga tu.

Mabawa aliyaona Paolo Nespoli, mwanaanga Mwitaliano, Mei 2011. Alikuwa akirudi duniani na wenzake wawili ndani ya Soyuz, chombo cha Warusi cha kubeba wanaanga, na siku hiyo chombo cha Wamarekani cha Endeavour kilikuwa bado kimeunganishwa na kituo. Soyuz ilijitenga, ikasimama mita zipatazo 180 kutoka kituoni, kisha kituo kizima kikageuzwa taratibu ili akipige picha kwa ubavuni. Alipigia dirishani, kwenye ile sehemu ya mbele ya Soyuz ambayo huachwa iungue angani. Maana yake picha zilitakiwa zihame naye kwenda sehemu inayorudi duniani kabla mlango haujafungwa. Nikikumbuka hilo, huwa naacha kulalamikia mbu wa Kigamboni. (Kidogo.) Naye hakuwa na raundi ya pili, na ndiyo maana kila kitu changu nakijaribu saa nzima kabla, mpaka memori kadi, ambayo niliwahi kuisahau kwenye kompyuta.

Jambo moja wengi hulikosa: wanafunga kamera mapema. Jioni, kituo mara nyingi hakifiki upande wa pili. Kinaingia kwenye kivuli cha dunia kingali juu. Acha kamera iendelee. Kile cheupe kinageuka rangi ya chungwa, kinakuwa chekundu kwa sekunde chache, halafu kinakatika kama taa ya nyumba iliyoishiwa LUKU.