Picha zangu za 3D zinaumiza macho, nakosea wapi?

SWALI: Habari za kazi fundi. Siku hizi najaribu picha za 3D kwa kamera moja, napiga, nasogea kidogo kulia, napiga tena, halafu naziweka mbili ubavu kwa ubavu naziangalia. Zingine zinatoka safi, ila maua ya karibu naona mawilimawili na macho yanauma, na milima ndo kabisa, iko bapa tu. Ninunue kamera ya pili?

JIBU: Salama ndugu yangu. Hapana, usinunue kwanza, kwa kitu kilichotulia hiyo moja inatosha kabisa. Ninachohisi ni kwamba unasogea kiasi kilekile kila mara, uwe unapiga ua au mlima, na hapo ndo shida yote ilipo. Macho yetu yameachana milimita 63 hivi kwa wastani, kila jicho linaona kitofauti kidogo na ubongo unatumia hiyo tofauti kujua kipi kiko mbele kipi nyuma. Charles Wheatstone wa Uingereza alilionyesha hilo mwaka 1838 kwa vioo viwili na michoro ya mkono tu, yaani hata kabla upigaji picha haujatangazwa kwa watu, kwa hiyo kina hakitoki kwenye ubora wa kamera, kinatoka kwenye ile nafasi kati ya picha mbili.

Sasa nafasi yenyewe unaipataje? Angalia kitu kilicho karibu kuliko vyote ndani ya fremu, kadiria kiko umbali gani, gawa kwa 30. Ua likiwa sentimita 60 unasogea sentimita 2 basi, ukizidisha ndo hayo mawilimawili. Mlimani, kama cha karibu kabisa kiko mita 300, tembea mita 10 ndo upige ya pili, na hakikisha hakuna tawi wala nyasi zimeingia mbele! Utashangaa mlima unavyojitokeza, ingawa ukizidisha sana unaanza kuonekana mdogo kama wa kuchezea, mimi binafsi huwa napunguza kidogo. Ukivuta zumu pia punguza.

Kingine, na hiki nakiomba sana: usiizungushe kamera kuifuata ile shabaha, isogeze tu ikiwa imeangalia mbele vilevile. Ukiizungusha, pembeni mwa picha kitu kilekile kinakuwa kirefu kwenye picha moja kifupi kwenye nyingine, na macho hayajazoea moja kupanda moja kushuka, lazima yaume. Kwa maua telezesha kamera kwenye ukingo wa meza au rula, ukipiga mtu aliyesimama hamisha uzito wako toka mguu wa kushoto kwenda wa kulia. Fokasi na mwanga vifunge visijibadilishe katikati. Upepo ukitikisa majani, au maji yanatembea, hapo ndo kweli utahitaji kamera mbili zinazopiga kwa pamoja.

Makosa madogo ya kimo, yaani picha moja kukaa juu kidogo kuliko nyingine, programu ya StereoPhoto Maker inayanyoosha, ni ya bure. Na ukiona nyuma kumekuja mbele jua umezipanga kinyume: ukiangalia kwa kukutanisha macho, yaani kuyavuta yaelekee puani, picha ya jicho la kushoto inakaa kulia, zibadilishane tu, usifute.